Kutafuta vinavyofanana kwenye data kubwa iliyogawanywa mashine nyingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu wanaokuja tunapokaa Jumamosi hapa Tanga kusaidiana mambo ya koding. Wengi wanafika washakwama, data imekua, seva imejaa, na kila wanayemuuliza anawaambia ongeza mashine. Nimejibu kama ninavyoongea. Mfano nitakaoutumia sana ni wa kanga kwa sababu ndo kazi tuliyoifanya wenyewe, mtu anapiga picha ya kanga kwa simu na mfumo unamtafutia zinazofanana nayo, ila mambo ni yale yale hata kama data yako ni maandishi, nyimbo za taarab au picha za majani ya mkonge.

Kutafuta jirani wa karibu kwa kukadiria ndo nini hasa?

Chukua picha ya kanga, ipitishe kwenye modeli, yaani programu iliyofunzwa kuzisoma picha, modeli inakutolea mstari wa namba, tuseme namba 768, na huo mstari ndo tunauita vekta. Modeli ikiwa nzuri, kanga mbili zinazofanana pindo na mji zitakuwa na vekta zilizokaribiana, zisizofanana zitakaa mbalimbali. Kwa hiyo lile ombi la "nitafutie kanga kama hii" linageuka kuwa "nani jirani wa karibu wa vekta hii". Njia ya uhakika ni kuipima na kila vekta uliyonayo, moja moja, bila kuruka. Zikiwa milioni moja hapo ushazidisha mara milioni 768 kwa ombi moja tu, mashine ya kawaida inaweza, ila zikifika milioni 100 na watu wanauliza kwa pamoja haiendi kabisa. Ndo tunakubali kukadiria: hatupiti kote, tunapita kule kunakoelekea, huku tukijua mara moja moja jirani wa kweli atatuponyoka.

Mbona database ya kawaida inatafuta haraka na kwa uhakika, hapa inashindwa nini?

Jina au tarehe unaweza kuipanga kwenye foleni moja, ukajua ipo kabla au baada. Vekta ya namba 768 huipangi hivyo. Mti wa k-d, njia ya kupanga data kwa matawi aliyoitoa Jon Bentley mwaka 1975, unafanya kazi vizuri sana vipimo, yaani namba zilizo ndani ya kila vekta, vikiwa 2 au 3, mfano kutafuta kituo cha daladala kilicho karibu kwenye ramani, lakini vipimo vikiwa vingi unajikuta unapitia karibu matawi yote, yaani umerudi pale pale pa kupima kila kitu. Na umbali wenyewe unaanza kulingana, wa karibu na wa mbali hawapishani sana. Mwaka 1998 Piotr Indyk na Rajeev Motwani wakaonyesha kwamba ukikubali jibu la karibu na sahihi badala ya sahihi kamili unaweza kukwepa mzigo huu, wakatumia hashi, yaani fomula za kugeuza kitu kuwa namba fupi, zinazoweka vitu vinavyofanana kwenye kapu moja. Njia zao hatuzitumii sana sa hivi ila wazo lile la kukubali kukadiria ndo tunaishi nalo mpaka leo.

HNSW, IVF, PQ, haya majina yananichanganya. Tofauti yake nini?

Nitakueleza kwa njia za hapa hapa.

HNSW ni kama mtu anayetoka Dar kuja kwa shangazi yake Ngamiani. Anapanda basi hadi Kange, hiyo ni hatua kubwa moja, pale anachukua daladala hadi mjini, hatua ndogo zaidi, afu anamalizia kwa miguu akiuliza mlango kwa mlango. Grafu ya HNSW, yaani mtandao wa vekta zilizounganishwa, ina ghorofa hivyo hivyo, juu kuna vekta chache zilizounganishwa kwa mbali, chini zipo zote na kila moja inajua majirani zake wachache. Unaanzia juu unashuka. Waliotoa hii ni Yury Malkov na Dmitry Yashunin, mwaka 2016, na karibu kila mfumo wa vekta unaousikia leo unayo ndani. Ni ya haraka na ina usahihi mzuri, ubaya wake inakula RAM, maana inabeba vekta zenyewe na juu yake inabeba viungo vya grafu.

IVF ni barabara za Ngamiani zenyewe, zile za namba. Unagawa vekta zote kwenye makundi, kila kundi lina kitovu chake, ombi likija unaangalia vitovu kwanza, ukiona lipo karibu na barabara ya 8 unaingia barabara ya 8 tu unapekua. Sasa tatizo lake mtu wa Ngamiani analijua bila kufundishwa: unayemtafuta anaweza kuwa anakaa nyumba ya kona, mlango unatazama barabara ya 9. Kwa hiyo huingii barabara moja, unaingia kadhaa, na idadi ya hizo barabara ndo swichi yako kubwa, ukiongeza unapata usahihi, ukipunguza unapata kasi.

PQ si njia ya kutafuta, ni njia ya kubana, nitaieleza chini kwenye swali la RAM.

Nina vekta laki mbili. Nahitaji kluster, yaani mashine nyingi zinazofanya kazi pamoja?

Hapana. Laki mbili mara namba 768 mara baiti 4 ni kama MB 614, inaingia hata kwenye laptopu. Pima zote moja moja, utapata jibu la uhakika na utalala usingizi.

Rikoli ni nini na kwa nini mnaisema kila saa?

Rikoli ndo kipimo cha huko kukadiria. Ukiomba majirani 10, na majirani 10 wa kweli unawajua, rikoli ni wangapi kati ya wale wa kweli umewapata. Umepata 9, rikoli ni 0.9. Basi, hamna hesabu nyingine ya kutisha.

Tunaisema kila saa kwa sababu huu mfumo ukikosea haulalamiki. Database ya kawaida ikiharibika inatoa kosa, skrini inakuwa nyekundu, simu zinapigwa. Huu ukiharibika unakuletea matokeo 10 kama kawaida, kwa haraka kama kawaida, tena yanafanana fanana na ulichoomba, ila si yale yenyewe. Sisi yalitukuta. Tulipunguza idadi ya makundi yanayopekuliwa ili seva ipumue, kasi ikapanda, sote tukafurahi, na tukakaa hivyo wiki kadhaa. Aliyetushtua ni mama mmoja anayeuza kanga, alipiga picha ya kisutu anayoijua kabisa kwamba ipo kwetu maana picha yake alituletea mwenyewe, mfumo ukamletea kanga nyekundu nyingine tano sita na ile yake haimo. Akasema wanangu, hii yenu haioni. Tulipokwenda kupima kweli tukakuta rikoli ilishashuka vibaya na hakuna chati yoyote kwenye skrini zetu iliyokuwa inaonyesha hilo, zote zilikuwa zinaonyesha kasi tu. Niliumia sana siku ile kwa sababu wale watu walituamini na picha zao.

Sa hivi tunafanya hivi, na nakuomba ufanye hata kama data yako ni ndogo. Chukua maombi 1,000 ya watu halisi, siyo ya kubuni, afu usiku mashine ikiwa haina kazi pima kila moja na vekta zote, moja moja, hata ikichukua masaa. Majibu hayo yahifadhi, huo ndo ukweli wako. Kila ukigusa kitu, umebadilisha swichi, umeongeza mashine, umebana vekta, rudisha yale maombi 1,000 na ulinganishe. Data ikikua, ule ukweli utengeneze upya, maana majirani wapya wamehamia. Na usiangalie wastani peke yake, angalia maombi yaliyofanya vibaya zaidi, utakuta mara nyingi ni ya aina moja, kwetu yalikuwa picha zilizopigwa usiku kwa taa.

Vekta zangu haziingii kwenye RAM. Ninunue mashine nyingine?

Subiri kwanza, piga hesabu. Vekta milioni 100 za namba 768 kwa baiti 4 kila namba ni GB 307. Ukiweka HNSW yenye viungo 32 chini kwa kila vekta unaongeza kama GB 13 nyingine. Hiyo kweli ni kubwa. Lakini kuna njia tatu kabla hujafika dukani.

Ya kwanza ni rahisi mno na watu wanaisahau: badala ya baiti 4 kwa namba, tumia baiti 1. GB 307 inakuwa kama 77, na mara nyingi rikoli inapungua kidogo tu. Kwako inapungua kiasi gani utajua ukipima, si kwa kuniuliza mimi.

Ya pili ni PQ, iliyotoka mwaka 2011 kwa Hervé Jégou, Matthijs Douze na Cordelia Schmid. Fikiria unamwelezea mtu kanga kwa simu. Badala ya kumchorea kila ua, nyote mna katalogi moja yenye mapindo 256 na miji 256, unamwambia "pindo namba 14, mji namba 200" na yeye anapata picha inayokaribia. PQ inakata vekta vipande, tuseme 96, kila kipande kina katalogi yake ya mifano 256, na unaandika namba ya mfano unaokaribia zaidi. Namba moja kati ya 256 ni baiti moja, kwa hiyo vekta iliyokuwa baiti 3,072 sasa ni baiti 96, imepungua mara 32, na zile GB 307 zimekuwa GB 9.6. Unapoteza usahihi, ndio, kwa hiyo unaomba wagombea wengi, tuseme 200, afu unawapima upya hao 200 tu kwa vekta kamili zilizoko kwenye diski, unabaki na 10. Hatua hiyo ya kupima upya usiiruke, ndo inayorudisha rikoli.

Ya tatu ni kuhamia kwenye SSD. Watu wa Microsoft walitoa DiskANN mwaka 2019, grafu inakaa kwenye SSD, RAM inabeba zile vekta zilizobanwa tu, na walionyesha vekta bilioni moja kwenye mashine moja yenye RAM ya GB 64. Bilioni, mashine moja. Nikimsikia mtu mwenye vekta milioni 20 anataka seva 12 huwa namwomba akae chini kwanza tunywe chai tuongee.

Ila iwe SSD kweli, ile diski ya zamani inayozunguka haiwezi, maana grafu inasoma huku na huku.

Sawa, nimebana na bado. Lini sasa nigawe kwenye mashine nyingi?

Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Ukitengeneza nakala, kila mashine ina data yote na maombi yanagawanywa, hiyo inasaidia watu wakiwa wengi au mashine ikifa. Ukigawa vipande, kila mashine ina sehemu ya data, hiyo inasaidia data ikiwa kubwa kuliko mashine au kujenga indeksi, yaani ile grafu au makundi ya kutafutia, kunapochukua muda usiovumilika. Kama data inaingia kwenye mashine moja na tatizo ni wingi wa watu, tengeneza nakala, usikate vipande. Kukata vipande kuna gharama ambayo wengi hawaioni mpaka bili ifike.

Gharama gani hiyo?

Kwenye grafu kama HNSW, kazi ya ombi moja haikui sawasawa na data, inakua polepole sana, data ikiongezeka mara 20 hatua zinaongezeka kidogo tu. Uzuri huo unageuka ubaya ukikata. Ukichukua vekta milioni 100 ukazigawa mashine 20, kila mashine ina milioni 5, lakini kutafuta ndani ya milioni 5 hakupungui mara 20, kunapungua kidogo. Na ombi lazima liende mashine zote 20. Kwa hiyo kwa jumla umefanya kazi mara nyingi zaidi ya ile ya mwanzo ili kujibu ombi lile lile. Vipande vichache vikubwa ni bora kuliko vingi vidogo, kata pale tu mashine inapokulazimisha.

Nikate vipi?

Kwa kubahatisha, yaani hashi ya namba ya kitu, ndo njia ya kuanzia. Mzigo unalingana, mashine zote zinafanana, kuongeza mashine ni rahisi. Kila mashine inarudisha majirani wake 10, ile ya mbele inayopokea maombi inawachanganya inachagua 10 bora. Ubaya ni ule niliousema, kila ombi linagonga kila mlango.

Kwa makundi ni kama kila mashine imepewa barabara zake. Ombi linakwenda mashine 2 au 3 tu, zingine zinapumzika, na data ikiwa kubwa mno hapa ndo kwenye akiba ya kweli. Lakini mzigo haulingani. Msimu wa harusi kila mtu anatafuta kisutu, na kisutu zote kwa kuwa zinafanana zipo mashine moja, basi ile moja inachemka na nyingine zimekaa kimya. Dawa yake ni kuweka nakala zaidi za makundi yanayoombwa sana, kuvunja makundi yaliyonenepa, na ile vekta ya kona iliyo mpakani kuiweka pande zote mbili. SPANN, mfumo wa kutafuta vekta wa mwaka 2021, inafanya hilo la mwisho na ndo moja ya sababu inafanya vizuri.

Kwa tarehe niliwahi kujaribu mimi, sikushauri. Vitu vipya vyote vinaingia mashine ya mwisho, inaelemewa na kuandika, na maombi bado yanakwenda kote. Labda kama watu wako wanatafuta vya wiki hii tu.

Nimeongeza mashine na imekuwa polepole zaidi, inawezekanaje?

Kwa sababu unamsubiri wa mwisho. Tuseme kila mashine inachelewa mara 1 kwa 100, hiyo ni mashine nzuri tu. Ukiwa na moja, ombi 1 kati ya 100 linachelewa. Ukiwa na 20 na lazima zote zijibu, ni kama 18 kati ya 100. Zikifika 100 ni 63. Jeffrey Dean na Luiz André Barroso wa Google waliliandikia hili mwaka 2013 na kila anayegawa data angepaswa kulijua kabla ya kununua chochote.

Cha kufanya: weka nakala mbili za kila kipande, mashine ya kwanza ikichelewa kupita kawaida yake tuma ombi lile lile kwa nakala ya pili na uchukue jibu litakalowahi. Nyingine, weka muda wa mwisho, ukifika jibu kwa vipande vilivyokwisha kufika. Tayari ulishakubali kukadiria, kukosa kipande kimoja kati ya 20 mara moja moja kunakugharimu takriban asilimia 5 ya rikoli kwa ombi hilo ikiwa umekata kwa kubahatisha. Ukikata kwa makundi usifanye hivyo ovyo, kipande kilichochelewa kinaweza kuwa ndicho chenye majibu yote. Na kila jibu lililotoka pungufu lihesabu mahali uone, lisipite kimya.

Wateja wangu wanataka filta, mfano "kama hii lakini chini ya elfu 15 na iwe imebaki dukani".

Hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Ukitafuta kwanza afu ukachuja, unaweza kuomba 10 zikabaki 0, maana zote zilizokaribia ni za bei juu. Ukichuja kwanza afu ukatembea kwenye grafu, grafu inakatika katika, njia zilipita kwa vekta ulizozikataza. Tunavyofanya sisi: filta ikiacha vitu vichache, tuseme elfu kadhaa, tunaacha indeksi kabisa tunapima hivyo vichache moja moja, ni haraka na ni uhakika. Ikiacha vingi, tunatembea kwenye grafu nzima ila kwenye majibu tunaweka vilivyoruhusiwa tu. Kati na kati hapo ndo pa kupima rikoli kwa makini.

Data yangu ni ya waja leo waondoka leo, inaingia na kufutwa kila siku. Indeksi itahimili?

Kuingiza HNSW inahimili. Kufuta ndo kazi, kwa sababu vekta unayoifuta wenzake wanapita kwake, ukiing'oa unakata njia. Kwa hiyo mifumo mingi haiing'oi, inaipiga alama tu kwamba imefutwa na kuendelea kupita juu yake. Alama zikizidi unatembea makaburini, kasi inashuka na RAM haipungui. Panga ratiba ya kujenga upya, kipande kimoja baada ya kingine, usiku, huku nakala yake inahudumia. Kwenye IVF kufuta ni rahisi zaidi, ila vitovu vinazeeka, kanga za mwaka huu haziko pale zilipokuwa za mwaka juzi.

Umeme ukikatika?

Indeksi iliyokuwa kwenye RAM imeondoka. Kama hukuihifadhi kwenye diski unaijenga upya, na HNSW ya mamilioni mengi kuijenga ni masaa. Hifadhi indeksi mara kwa mara, na vitu vilivyoingia baada ya hapo viandike kwenye logi ya pembeni uvirudishe. Na usiweke nakala zote mbili chumba kimoja.

Seva ziwe hapa au klaudi ya nje?

Mwanga kwenye faiba unakwenda kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Cape Town ipo zaidi ya kilomita 3,500 kutoka Tanga, kwenda na kurudi ni milisekunde 35 hata mambo yakiwa mazuri, kabla hujatafuta chochote. Kwa mtu anayesubiri picha hiyo si mbaya. Kibaya ni kuweka vipande vingine huku na vingine kule, mashine zinazojibu ombi moja zikae pamoja.

Nikibadilisha modeli?

Unaanza upya. Vekta za modeli mbili hazilinganishiki hata kama urefu ni uleule. Tunza picha za asili.

Pgvector, ile nyongeza ya vekta ya database ya PostgreSQL, inatosha au ninunue mfumo maalumu?

Kama tayari unatumia PostgreSQL na vekta ni milioni chache, inatosha, ina HNSW na IVF ndani. Faiss, iliyotolewa na Facebook mwaka 2017, ni nzuri kwa kujaribu njia tofauti, ila ni maktaba, mambo ya seva na nakala unajenga mwenyewe. Milvus na Qdrant, ambazo ni mifumo maalumu ya vekta, zimeshakufanyia hayo.

Mnaweza kunisaidia kupima data yangu?

Ndio, karibu, hatutozi. Njoo na vekta zako kwenye diski ya SSD pamoja na yale maombi 1,000 ya watu halisi, majina na namba zao za simu uwe ushayaondoa. Kama maombi halisi huna kwa sababu mfumo haujaanza, kaa dukani kwa mtu siku mbili uandike wanachoulizia wateja. Kompyuta yetu itapiga ule ukweli usiku, Jumamosi inayofuata tunakaa tunaangalia pamoja zile zilizokosa.